Magari-Nyumba Yamepata Paa Kakamega, na Ni Paa la Maana!

Nianze na hukumu, maana siwezi kuibana kifuani: kwa mtu anayependa magari ya safari, hakuna mahali magharibi mwa Kenya palipowahi kunifurahisha kama ghala hili la Lurambi! Si gari jipya, wala si injini mpya. Ni ghala la mabati lililokuwa likihifadhi mahindi, kando ya barabara inayotoka mjini Kakamega kwenda Webuye. Ndani yake magari-nyumba yamepangwa yakiwa makavu, yametulia, kila moja na kadi yake ya huduma ikining'inia kwenye usukani. Nilipita mlangoni nikasimama. Ukimya wa mahali pale! Nje mvua ilikuwa imeanza kuyapiga mabati, na kule ndani hakuna tone lililogusa chuma cha mtu.

Kwa msomaji ambaye bado hajaingia kwenye mapenzi haya, gari-nyumba ni gari lenye kitanda, jiko, sinki, tangi la maji, betri ya pili ya kuendesha taa na friji, na mara nyingi paneli za sola juu. Hapa kwetu mengi ni Toyota HiAce zilizotolewa viti na kuwekwa mbao na magodoro, au Land Cruiser zenye hema juu ya paa. Wajapani walituonyesha njia, kwa kuwa HiAce kwao ni msingi wa kempa, yaani magari-nyumba, tangu zamani. Kisha wapo wasafiri wa mabara, wale wanaotoka Cape Town kwenda Cairo au kinyume chake, ambao hufika hapa na malori yaliyojengwa Ujerumani na Uholanzi. Wakitaka kurudi kwao kwa ndege kuona wazazi au kutafuta pesa, huuliza swali moja: gari nitaliacha wapi?

Kwa miaka mingi jibu limekuwa Nairobi. Jungle Junction, kule Karen, ndilo jina ambalo msafiri wa barabarani hulisikia kabla hajavuka mpaka. Ni kambi yenye karakana, watu hupiga hema, hurekebisha pikipiki na magari, na huacha vyombo vyao vikilindwa hadi warudi. Naiheshimu sana Jungle Junction. Ila mtu aliyeingia nchini kwa Malaba au Busia akitokea Uganda, aliyelala msitu wa Kakamega na kuupenda, kwa nini aendeshe hadi Nairobi ndipo apate paa? Na sisi wakazi, wenye HiAce moja tuliyoitengeneza kwa jasho la miaka, nani alikuwa akitufikiria?

Sasa yupo anayetufikiria. Mwenye ghala ni fundi wa makamo aliyeanza na matatu, akaingia malori ya miwa, akaishia kwenye haya magari ya kulalia. Anafanya kazi na binti aliyesomea umeme katika Chuo cha Sigalagala, na vijana wa mkono. Hakuna bango kubwa. Hakuna ofisi yenye kioo. Nilimkuta fundi amechuchumaa chini ya Land Cruiser ya zamani, ile ndefu ya mgongo mrefu yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, isiyo na tabo, ambayo wasafiri huiamini kuliko saa zao.

"Karibu, ndugu yangu," akasema bila kutoka. "Pita, ila usivute breki ya mkono ya gari lolote humu."

Nikauliza kwa nini. Hapo ndipo somo lilipoanza, na nakwambia, nililisikiliza kwa furaha!

Gari likisimama wiki nyingi na breki ya mkono imevutwa, hasa katika hewa yenye unyevu, viatu vya breki hugandamana na ngoma kwa kutu. Siku ukitaka kuondoka, gurudumu halizunguki. Kwa hiyo humu kila gari limeachwa kwenye gia, breki imeachiliwa, na kabari za mbao zimesukumwa mbele na nyuma ya magurudumu. Kitu kidogo! Lakini ni wangapi kati yetu wanaokijua? Wengi tunaamini gari huchakaa kwa kutembea, kwa hiyo likiegeshwa tunadhani limehifadhiwa. Nilichokiona Lurambi kinaonyesha kinyume chake. Gari-nyumba huoza likiwa limesimama, na huoza upesi zaidi Kakamega kuliko karibu popote pengine nchini.

Sababu tunaijua sote tunaoishi hapa. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, pembeni mwa kipande cha mwisho cha msitu wa mvua wa aina ya Kongo kilichobaki Kenya, na hupata mvua ya milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya ile ya Nairobi. Asubuhi jua kali, mchana mawingu, alasiri ngurumo. Miezi ya Aprili na Mei hata nguo iliyoanikwa sebuleni haikauki. Sasa fikiria sanduku lililofungwa lenye magodoro, mapazia, mbao na sufu ya kuzuia joto, limeegeshwa uani chini ya mwembe kwa miezi mitatu. Ukungu huanza nyuma ya mto. Unaingia kwenye godoro. Unapanda kwenye dari. Ukifungua mlango, harufu inakupokea kabla hujaona chochote.

Magari-nyumba ya Ulaya, yale ya kiwandani yenye sanduku jeupe, yako hatarini zaidi. Mengi ya zamani yana kuta zenye fremu ya mbao katikati, povu la kuzuia baridi, na bati jembamba la alumini kwa nje. Silikoni ikipasuka kwenye kona ya dirisha, maji huingia polepole bila kuonekana, mbao inalainika, na ukuta unaanza kuvimba. Binti wa umeme alinionyesha kifaa chenye sindano mbili, kipima unyevu. Alikigusisha ukutani, kwenye kona ya juu, chini ya dirisha, kando ya tundu la hewa la paa, akaandika namba kwenye mchoro wa gari. Kila gari lina mchoro wake! Mwezi ujao atapima tena palepale, na namba ikipanda watajua maji yanaingia wapi kabla ya mtu yeyote kuona doa. Uingereza ukaguzi wa namna hii hufanywa kila mwaka na mafundi wa kempa. Kuuona ukifanyika Lurambi, kwa umakini uleule, kulinisisimua mwili mzima.

"Nyumba ya udongo ikivuja unaona," aliniambia. "Hii, kaka, haikuonyeshi."

Na ghala lenyewe! Sakafu ni ya saruji iliyoinuliwa, kwa hiyo maji ya uani hayaingii na mchwa hawana ardhi ya kutokea. Chini ya paa, pande zote mbili, wameacha mwanya mrefu uliowekwa wavu wa chuma, hewa inapita lakini ndege na popo hawaingii. Hapa nampongeza aliyefikiri, kwa kuwa ghala lililofungwa kabisa lingekuwa baya kuliko uwanja wazi. Unyevu ungebaki humo humo. Mabati machache ni yale yanayopitisha mwanga, nayo yamepakwa rangi nyeupe ili jua lisichome matairi na plastiki. Magari hayafunikwi kwa turubai za plastiki; turubai ya namna hiyo hunasa jasho la chuma ikalirudisha. Yamefunikwa kwa shuka za pamba, basi.

Nikae kidogo kwenye gesi, kwa sababu ni hapo nilipoamini kwamba watu hawa wanajua kazi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, hushuka na kutafuta mahali pa chini kabisa. Na humu ndani mna shimo la fundi, lile la kuingia na kukagua gari kutoka chini. Mtungi unaovuja kidogo tu usiku kucha ungelijaza shimo hilo, na asubuhi kijana angeshuka na taa yake. Kwa hiyo sheria ya ghala ni moja na haina majadiliano: mtungi hauvuki mlango. Kila gari likifika, mtungi huchomolewa nje, mdomo wa mpira huzibwa, na mtungi hupelekwa kwenye kizimba cha wavu kilichoko uani, mbali na ukuta, kikiwa na kivuli na hewa. Nimepita karakana nyingi, kubwa na zenye jina, sijaona mahali pengine panapozingatia hili hivi.

Maji nayo hutolewa yote. Tangi la maji safi, tangi la maji machafu, pampu, mabomba, hata tone lililolala kwenye kona ya bomba la bafu. Bomba huachwa wazi. Mlango wa friji huachwa nusu wazi na kibao kikiuzuia usijifunge. Magodoro husimamishwa wima ili hewa ipite pande zote. Makabati yote hufunguliwa. Kwa hiyo ukichungulia ndani ya gari lolote humu utakuta kila kitu kimeachwa wazi, na utapenda, maana hewa inatembea.

Kisha betri! Hii ni idara ya binti wa Sigalagala na macho yake huwaka akiizungumzia. Betri ya asidi na risasi ikiachwa nusu tupu, salfeti huganda kwenye sahani zake na haiondoki tena. Ikijaa kabisa na kupumzika husoma volti 12.6 au 12.7. Ikishuka hadi 12.4 huichaji mara moja, haingoji ifike 12. Betri za lithiamu, zile mpya ambazo wasafiri wamezikimbilia, zina tabia tofauti, hazipendi kulala zimejaa. Hizo huziacha karibu nusu na kuzikata kabisa kwenye mfumo. Ameweka kidaftari chenye safu za tarehe na volti za kila gari. Na ngurumo zikianza, kitu cha kwanza anachofanya ni kuchomoa nyaya zote za umeme wa ukutani. Mtu wa Kakamega haulizi kwa nini. Radi za huku zinajulikana, na inveta moja iliyopigwa ni pesa nyingi kuliko kodi ya miezi.

Matairi nayo yana hadithi. Gari-nyumba hutembea kidogo kwa mwaka, kwa hiyo matairi yake huzeeka kabla kashata hazijaisha. Ukiyatazama unaona mapya, kumbe mpira umekauka na una nyufa ubavuni. Fundi aliniinamisha nisome tarakimu nne za ubavuni, mbili za juma na mbili za mwaka wa kutengenezwa: 2316 ni juma la 23 la mwaka 2016. Hata tairi lenye kashata nzuri, likifika miaka kumi, hapa litapewa alama nyekundu kwenye kadi na mwenyewe ataambiwa. Magari ya kukaa muda mrefu huinuliwa kwa stendi za chuma ili uzito usibonyeze upande mmoja, na yale mengine husogezwa nusu mzunguko kila mara.

Tangi la dizeli hujazwa juu kabisa. Tangi lenye nafasi tupu lina hewa, hewa ya Kakamega ina maji, usiku ukipoa maji hayo hushuka chini ya dizeli na vijidudu huzaliana hapo mpaka chujio zizibe. Panya? Mitego, kamwe si sumu. Panya aliyekula sumu hufia ndani ya ukuta wa gari, na kumtoa ni kuvunja kabati.

Upande wa huduma sitamchosha msomaji, kwa kuwa ni kazi ya gereji nzuri yoyote: springi, bushi, shokabzoba, grisi, oili ya breki inayobadilishwa kila baada ya miaka miwili kwa kuwa hunyonya maji hewani. Raha ni kwamba HiAce ina spea kila mtaa. Toleo la H200, lililotoka mwaka 2004, ndilo linalobeba abiria wetu kila siku, kwa hiyo bushi ya gari-nyumba lako inauzwa karibu na stendi ya matatu, leo, si wiki ijayo. Kwa yale magari ya Ulaya, mambo ni magumu zaidi. Kioo cha plastiki cha dirisha la paa kikipasuliwa na mvua ya mawe, lazima kiagizwe. Niliona kimoja ambacho seremala wa hapa alikuwa amekipa fremu ya mvule na kioo kigumu, kwa ustadi ulionifanya nikipapase kama mtu anayenunua kitambaa. Mwenye gari, mtu wa Ulaya, alikataa kurudishiwa cha kiwandani!

Yapo yasiyoniridhisha, nami nayasema kwa sababu nataka mahali hapa pakue. Mlango uko chini mno kwa malori marefu ya wasafiri. Lori lenye sanduku la mita tatu na nusu halitaingia, na haya ndiyo yanayohitaji paa kuliko mengine. Hakuna sehemu nzuri ya kuoshea chasi, na gari lililotoka tope la msituni linapaswa kuoshwa chini kabla ya kulazwa. Mitungi ya kuzimia moto ipo na ina tarehe, lakini ningependa kuona mlango wa pili upande wa nyuma. Uingereza kuna chama cha wenye maeneo ya kuhifadhia kempa, CaSSOA, kinachoyapanga maeneo hayo kwa daraja la shaba, fedha na dhahabu kufuatana na ulinzi wake. Ghala hili lina mlinzi, taa na geti la chuma. Likiongeza kamera na mlango huo wa pili, naliona likisimama bila aibu mbele ya mkaguzi yeyote.

Malipo ni kwa mwezi, kufuatana na urefu wa gari, kwa M-Pesa, na unapewa risiti iliyoandikwa hali ya gari siku ya kuingia: mwendo kwenye dashibodi, namba za unyevu, volti za betri, mikwaruzo yote. Mwenye gari anayesafiri huletewa picha kwa simu kila wanapolipima. Nilimwona fundi akimtumia mteja wake ujumbe wa sauti, taratibu, kwa heshima: "Mama, gari lako linakusalimu. Betri iko sawa, ukuta ni mkavu, ukija Januari litakuwa tayari."

Januari! Hapo ndipo utaelewa kwa nini mahali ni muhimu kama paa. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu ya huku. Unatua, unalichukua gari lako kavu, linalowaka kwa ufunguo wa kwanza, na unapinda kulia kwenye lami ileile kuelekea kaskazini. Buyangu haiko mbali, kama kilomita 20 kutoka mjini, na ni huko Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, linakosimamia hifadhi ya msitu iliyotangazwa mwaka 1985. Unalipa kwa eCitizen, unaegesha kwenye kambi ya Udo, unafungua mlango wa nyuma, na mbega weupe kwa weusi wako juu ya kichwa chako. Kesho yake unashuka kusini, Isecheno, unapanda kilima cha Lirhanda alfajiri uone ukungu ukiinuka juu ya miti. Ukitaka unaendelea na barabara ya Kisumu, unasimama Ilesi kulitazama Jiwe Linalolia. Wiki nzima ya safari hujamaliza nusu tangi! Mtu aliyeacha gari Nairobi angekuwa bado anapambana na malori ya Mai Mahiu.

Nilimuuliza fundi kama wakazi wanakuja au ni wageni tu. Alifuta mikono, akanionyesha HiAce ya kijani kwenye kona. Ni ya mwalimu mstaafu wa Mumias na mkewe, walioitoa viti vya matatu wakaweka kitanda, jiko la sahani mbili na rafu ya vitabu. "Wanaenda Turkana kila mwaka," akasema. "Mzee huyo alinifundisha darasa la sita. Sasa mimi ndiye namwambia asivute breki ya mkono." Nilifungua mlango wa gari lile kwa ruhusa yake nikavuta pumzi. Harufu ya mbao na nta, basi. Hakuna ukungu hata chembe, na mwezi ulikuwa Mei.

Basi ombi langu kwa wenye magari. Kama una gari-nyumba lolote kati ya Kisumu, Eldoret na Bungoma, liwe la kiwandani au la mikono yako mwenyewe, usilipitishe masika nje tena. Lilete chini ya paa kabla ya mwisho wa Machi, toa mtungi wa gesi, mwaga maji, fungua friji, jaza dizeli, na dai kadi yenye namba za unyevu. Na kwa serikali ya kaunti, ambayo kila mwaka inatangaza msitu wetu kwa watalii: katika mipango yenu ya utalii, wekeni ardhi na mlango wa mita nne kwa ajili ya mafundi wa namna hii. Nafasi za ghala la Lurambi zimebaki chache, na masika hayasubiri.